Karibu na Kaburi

Najua msomaji akikiona kichwa cha makala haya atasema mzee amekumbuka umri wake, na sasa anataka kutusimulia habari za safari ya mwisho. Nimeshavuka miaka sabini na habari hizo hazinitishi, lakini leo sizo nilizokusudia. Leo nataka kuzungumza juu ya hesabu, tena sehemu moja ndogo ya hesabu ambayo nimeona ikiwasumbua wanachuo na walimu wao kwa miaka mingi: namna ya kutambua ni lini utaratibu wa vitu una maana na ni lini hauna.

Chukua neno karibu ulikate silabi: ka, ri, bu. Sasa zibadilishe mahali silabi mbili za mwisho. Unapata kaburi. Hukuongeza kitu wala hukupunguza. Neno la kwanza hutamkwa mlangoni mgeni anapofika, na la pili hutajwa mwenyeji anapoondoka asirudi tena. Silabi tatu hizo zaweza kupangwa kwa njia sita: karibu, kaburi, rikabu, ribuka, bukari na burika. Nyingi kati ya hizo hutazisikia katika mazungumzo ya kila siku, lakini kwa hesabu ni sita, na kila moja ni tofauti na mwenzake.

Ukiniambia nikutilie silabi hizo tatu mfukoni, ninayo njia moja tu ya kufanya hivyo: nazitia zote, basi. Mfukoni hakuna wa mbele wala wa nyuma. Ukiniambia nikuandikie silabi hizo kwenye mstari, itanibidi nikuulize: kwa utaratibu upi? Wanahisabati wameyapa mambo haya mawili majina. Kuweka vitu kwenye mstari huitwa permutesheni, na kuvitia mfukoni huitwa kombinesheni. Mimi nitasema mpangilio na uteuzi, maana ndivyo nilivyozoea kusema darasani.

Maneno yale mawili tumeyapata kutoka Kiarabu, na huko nako ni ndugu. Yote yametoka katika herufi tatu, yaani qaf, ra na ba. Kilichobadilika ni utaratibu wake. Katika karne ya 8 aliishi Basra mwanachuoni aliyeitwa al-Khalil ibn Ahmad, ambaye asili yake ni Oman, nchi ambayo pwani yetu imefungamana nayo kwa majahazi na kwa damu. Ndiye aliyeweka misingi ya arudhi, elimu ya vipimo vya mashairi ya Kiarabu. Ndiye pia anayenasibishwa na kamusi ya kale iitwayo Kitabu cha Ain, iliyopewa jina hilo kwa sababu inaanza na herufi ain, inayotoka ndani kabisa ya koo.

Kamusi ile ina utaratibu ambao mwalimu wa hesabu anaweza kuufurahia kuliko mwalimu wa lugha. Mwandishi hakuweka kila mzizi wa neno mahali pake peke yake. Alichukua herufi tatu, akazifanya mlango mmoja, kisha ndani ya mlango huo akatazama mipangilio yake yote sita na kueleza ipi inatumiwa na Waarabu na ipi imeachwa. Kwa utaratibu huo ukaribu na kaburi vimo katika mlango mmoja, pamoja na baqara, ng'ombe, aliyeipa jina sura ya pili ya Kurani, na barq, yaani umeme wa radi.

Hebu tufanye hesabu yake. Kiarabu kina herufi 28. Ukitaka mzizi wa herufi tatu zisizorudiwa, herufi ya kwanza unaweza kuichukua kwa njia 28, ya pili kwa njia 27 na ya tatu kwa njia 26. Zidisha, utapata 19,656. Hiyo ni mipangilio. Lakini milango ya kamusi haihitaji kuwa mingi kiasi hicho, kwa kuwa kila kundi la herufi tatu limehesabiwa mara sita. Gawa 19,656 kwa 6, utapata milango 3,276. Hiyo ni teuzi. Mwanafunzi akiielewa hesabu hii moja, ameelewa somo zima. Uteuzi ni mlango, na mpangilio ni vyumba vilivyomo ndani yake.

Tatizo ni kwamba walimu wengi hawafundishi hivyo. Wao hutoa kanuni mbili ubaoni, kisha humpa mwanafunzi kile wanachokiita ufunguo: ukiona neno "panga" tumia kanuni ya kwanza, ukiona neno "chagua" tumia ya pili. Ufunguo huo unafungua mlango mmoja na kukwama katika mitatu. Tazama swali hili: "Kwa njia ngapi darasa la watu kumi linaweza kuchagua mwenyekiti, katibu na mhazini?" Limesema kuchagua, lakini Asha akiwa mwenyekiti na Bakari katibu si sawa na Bakari kuwa mwenyekiti na Asha katibu, na ukitaka kuhakikisha waulize wenyewe. Jibu ni 10 mara 9 mara 8, yaani 720. Sasa tazama hili: "Panga timu ya watu watatu kutoka katika watu hao kumi." Limesema panga, lakini timu ile haina vyeo. Jibu ni 720 gawa kwa 6, yaani 120.

Nilipokuwa nikikagua masomo ya wanachuo walipokwenda mazoezi ya kufundisha, niliwashauri waachane na maneno ya swali na kuingia katika jambo lenyewe. Badilishana wawili kati ya wale uliowachukua, kisha tazama kama kuna chochote duniani kilichobadilika. Kikibadilika, unahesabu mpangilio. Kisipobadilika, unahesabu uteuzi. Timu 16 katika ligi, kama ilivyo Ligi Kuu ya Tanzania Bara katika misimu ya karibuni, zinafanya jozi 120. Lakini mechi ni 240, kwa sababu kila mshabiki anajua kwamba kucheza nyumbani si sawa na kucheza ugenini. Watu 16 wakipeana mikono, kila mmoja na kila mwenzake, mikono ni 120 tu, kwani nikikupa mkono nawe umenipa. Namba ya kuanzia ni ileile. Kilichotofautisha majibu ni tabia ya kitu kinachohesabiwa.

Vitabu vya kale vililijua jambo hili. Mwaka 1150 Bhaskara wa India aliandika kitabu cha hesabu kiitwacho Lilavati. Humo aliuliza maswali mawili ambayo napenda kuyaweka pamoja. La kwanza ni la ladha sita, ambazo ni tamu, chungu, kali, chachu, ya chumvi na ya ukakasi: zinaweza kuchanganywa kwa namna ngapi, ukitumia moja, mbili, hadi zote sita? Jibu ni 63. La pili ni la mungu wa Kihindu Shambhu, mwenye mikono kumi na vitu kumi vya kushika: vitu hivyo vyaweza kubadilishana mikono kwa njia ngapi? Jibu ni 3,628,800. Mikono ni kumi na kila mmoja ni mahali pake, kwa hiyo kukihamisha kitu kutoka mkono huu hadi ule kunafanya sanamu nyingine. Lakini kinywa ni kimoja. Chumvi na ukali vikishakutana ulimini, hapana aliyetangulia.

Mwanachuo mmoja kutoka Tanga aliwahi kuukataa mfano huo wa ladha mbele ya darasa. "Mwalimu," alisema, "kitunguu saumu kikitangulia sufuriani kitaungua kabla kitunguu maji hakijaiva. Utaratibu una maana." Wenzake walicheka. Mimi nilimwambia amesema kweli kabisa, ila yeye anahesabu mapishi na Bhaskara anahesabu ladha. Kabla ya kuhesabu, tujue tunahesabu nini. Na aliyepika chakula hicho anaweza kuona tofauti ambayo mlaji haioni.

Maneno hayo ya mpishi na mlaji yananipeleka kwenye jambo lililotokea katika chuo kimoja nilichohamishiwa kuwa mkuu, miaka ya tisini. Nalieleza hapa kwa sababu ndilo lililonifundisha kwamba somo hili haliishii ubaoni.

Chuo kilikuwa na wakufunzi saba wasio na nyumba, wakipanga vyumba mjini, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Nyumba tatu za wakufunzi zilikuwa zimekamilika. Kabla sijafika, ofisi moja ya juu ilikuwa imeamua nani wapewe, na barua yake nilikuta imeshatekelezwa. Majina matatu yaliandikwa moja chini ya jingine. La kwanza likapewa nyumba namba moja, la pili namba mbili, la tatu namba tatu. Kwa ofisi ile zilikuwa nyumba tatu za ramani moja, vyumba viwili na sebule, na hapakuwa na la kuzungumza zaidi.

Lakini sisi tulioishi pale tulijua kwamba nyumba namba moja ilikuwa hatua thelathini kutoka kwenye bomba la maji. Namba mbili ilikuwa nyuma ya bweni la wanaume, ina kelele lakini inafikika. Namba tatu ilijengwa ng'ambo ya korongo, kwa sababu huko ndiko uwanja ulikopatikana. Wakati wa kiangazi korongo lile halikuwa kitu. Watoto walilivuka wakiruka. Wakati wa masika lilijaa maji mekundu mpaka magotini, siku nyingine kiunoni, na aliyekaa ng'ambo alikaa huko hadi maji yapungue.

Namba tatu ilimwangukia mkufunzi mama, mwenye mtoto wa miezi minne. Masika yalipoingia alivuka korongo na mtoto mgongoni, viatu mkononi, akifika darasani kanga imeloa hadi mapajani. Siku ambazo maji yalimzuia, kipindi chake kilipotea. Alilalamika kwa barua. Jibu alilopewa, ambalo alinionyesha, lilimwuliza analalamikia nini ilhali wakufunzi wanne wenzake hawana nyumba kabisa, naye amepewa sawa na wawili waliobaki.

Nililisoma jibu lile mara mbili. Aliyeliandika hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameuliza swali moja, akalijibu: nani watatu kati ya saba? Njia za kulijibu ni 35. Yule mama alikuwa na swali jingine: nani wapi? Njia zake ni 7 mara 6 mara 5, yaani 210. Kwa kila uamuzi mmoja uliokuwa mezani kwa mwandishi wa barua, kulikuwa na maamuzi sita kule chuoni, na yeye alikuwa akiishi ndani ya mmoja wa hayo sita.

Nilimwuliza karani wetu kama anafahamu majina yale yalipangwaje. Alicheka. "Mkuu, si kwa alfabeti?" Tukatazama, naam, ilikuwa ni alfabeti. Jina la yule mama lilianza na Z. Hapana mtu aliyekaa akasema mwenye mtoto mchanga apelekwe ng'ambo ya korongo. Lakini karatasi haina namna ya kuandika majina matatu bila kulitanguliza moja. Orodha iliyokusudiwa kuwa mfuko ilisomwa kama mstari, na uamuzi wa pili ukafanywa na herufi.

Niliwaita wale watatu ofisini pamoja na mkufunzi wa hisabati. Niliwaeleza kwamba hatugusi uamuzi wa ofisi. Waliopewa nyumba ni wao watatu, na itabaki hivyo. Kilichobaki ni kuamua jambo ambalo halijaamuliwa na mtu. Mkufunzi wa hisabati akapendekeza kura: tuandike moja, mbili na tatu kwenye vikaratasi, kila mmoja achukue chake, na njia zote sita ziwe na nafasi sawa. Pendekezo lilikuwa la haki, na nilikuwa tayari kulikubali.

Ndipo mkufunzi aliyekaa namba moja, kijana ambaye hakuwa ameoa, akasema, "Mzee, kura ya nini? Herufi haikujua, na vikaratasi navyo havitajua. Sisi tunajua." Akamgeukia yule mama, akamwambia, "Dada, wewe chukua ya bombani. Mimi nina miguu mirefu." Mkufunzi wa namba mbili akaitikia kwa kichwa. Mambo yalikwisha kabla chai haijaletwa. Jumamosi ile wanachuo walisaidia kubeba vitanda, na yule kijana akakaa ng'ambo ya korongo miaka minne, akalima mihogo na mchicha ambao kila mara alitukumbusha kuwa sisi wa bombani hatuna.

Nimelifikiria sana jambo lile. Hesabu haikutuamulia nani akae wapi, wala si kazi yake. Ilichofanya ni kutuonyesha kwamba palikuwa na uamuzi pale ambapo watu walidhani hapana. Mahali palipo na njia sita, moja itafuatwa tu. Msipoichagua nyinyi, itachaguliwa na alfabeti, au na aliyefika mapema, au na mwenye sauti kubwa. Na atakayeumia ataambiwa kwamba amepata sawa na wenzake.

Kwa hiyo wanachuo wangu wa miaka iliyofuata niliwapa zoezi lisilokuwa kitabuni. Niliwaambia: wapo wanafunzi wanne, Asha, Bakari, Chiku na Daudi. Wagaweni katika makundi mawili ya watu wawili wawili. Njia ngapi? Wengi waliandika sita, kwa kuwa wawili kutoka katika wanne huchaguliwa kwa njia sita. Niliwataka waziandike zote. Walipoandika waliona kwamba Asha na Bakari huku, Chiku na Daudi kule, imeandikwa mara mbili: mara moja kwa kuanzia na Asha, mara ya pili kwa kuanzia na Chiku. Njia ni tatu tu. Kisha niliongeza maneno machache: kundi moja litafagia uwanja na jingine litachota maji kisimani. Ghafla njia zikawa sita tena, na darasa zima, ambalo lilikijua kisima chetu na kilima chake, halikuhitaji kuelezwa kwa nini.

Napenda zoezi hilo kwa sababu idadi ya watu haikubadilika, wala ukubwa wa makundi. Kilichobadilika ni kwamba makundi yamepata kazi, na kazi zenyewe hazilingani. Mwalimu anayefundisha kwa maneno "panga" na "chagua" hana la kusema hapo, maana neno lilikuwa lilelile, "wagaweni". Anayefundisha kwa kubadilishana na kutazama ana jibu papo hapo.

Ningependa mwalimu kijana anayesoma kurasa hizi aongeze jambo moja. Akishamwuliza mwanafunzi kama kubadilishana kunaleta tofauti, amwulize pia: tofauti kwa nani? Katika mitihani mtunga swali ndiye mwenye kauli, na ni wajibu wake kusema wazi kama nafasi zinalingana. Asiposema, mwanafunzi aliyehesabu 210 na aliyehesabu 35 wote wana hoja, na msahihishaji hana haki ya kumkata mmoja bila kusoma alivyofikiri. Nje ya mitihani, mwenye kauli ni yule anayeishi katika nafasi yenyewe. Kabla hujasema nyumba zote ni sawa, vuka korongo wakati wa masika.

Siku hizi kazi yangu kubwa ni kukaa katika kamati: ya shule ya kata, ya maji, ya mazishi. Kila kikao kina orodha. Zamu za kusimamia bomba, majina ya watoto watakaosaidiwa ada, familia zitakazopeleka uji msibani. Karatasi inaponifikia, ninalo swali langu moja, na wenzangu wameshalizoea hata wanalisema kabla sijafungua mdomo: haya majina yametiwa mfukoni, au yamepangwa mstarini? Na kama yamepangwa, ni nani aliyepanga?